Waja leo, waondoka leo: maili zako za ndege zimekwenda wapi?

Sisi wa Tanga tumezoea kusikia mji wetu ukitajwa kwa "waja leo, waondoka leo". Mimi siku hizi maneno hayo nayatumia zaidi kwa maili za ndege, yaani zile pointi ambazo shirika humpa mwanachama wake anaposafiri, akazikusanya mpaka akakatia tiketi. Nakatisha tiketi Ngamiani. Wateja wangu ni watu wa Umra, wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou, akina mama wanaokwenda Muscat kulea wajukuu, na vijana wanaosoma Uturuki na India. Wote hupanda basi Kange, wakafika Dar es Salaam, wakapanda ndege. Na wengi wana uanachama wa maili wasioukumbuka mpaka barua pepe iingie: salio lako limeisha muda.

"Mjomba, zimeishaje nami sijazigusa?"

Ndiyo hasa, hukuzigusa. Maili ni wali wa nazi, ukiuacha unachacha. Lakini si kila salio tupu limechacha. Pengine maili hazikuingia kabisa, pengine ziliingia kwingine, pengine zipo na wewe ndiye uliyefungiwa nje. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuandika malalamiko marefu kwa shirika kabla hajajua anaumwa wapi. Anajibiwa na kompyuta, anakasirika, anaacha, na huku siku zinakwenda.

Weka hivi mezani kwanza

Namba ya uanachama. Namba ya tiketi, ile yenye tarakimu 13. Pasipoti. Na taarifa ya akaunti, yaani ukurasa unaoorodhesha kila kilichoingia na kilichotoka pamoja na tarehe zake. Salio peke yake halitoshi. Ukimwambia daktari uzito wako tu, hawezi kujua una malaria au una njaa. Kama programu ya simu haikuonyeshi orodha yote, ingia kwenye tovuti ya shirika kwa kompyuta, au njoo hapa nikufungulie.

Tarakimu tatu za mwanzo za tiketi zishike kichwani, zitatusaidia mbele: 176 ni Emirates, 071 Ethiopian, 157 Qatar, 074 KLM, 706 Kenya Airways, 235 Turkish. Hizo zinakuambia tiketi ni ya nani, hata kama ndege uliyoipanda ilikuwa na rangi nyingine.

Dalili: "Nilikuwa nazo, leo sifuri"

Hapa swali ni moja tu: saa ya mpango wako wa maili inaanza kuhesabu wapi?

Kuna saa za namna mbili. Ya kwanza huanza siku maili inapoingia, na haijali unasafiri au umelala. Kila fungu lina tarehe yake ya kufa. Ukipanda ndege leo unapata fungu jipya lenye tarehe mpya, lakini lile la zamani linaendelea na safari yake ya kaburini. Saa ya pili huanza upya kila ufanyapo jambo linalotambuliwa na mpango, na hapo maili zote hubebwa pamoja, za zamani na za jana.

Namna ya kuzitambua bila kusoma masharti ni kutazama taarifa ya akaunti. Kama kilichofutwa ni sehemu tu, tuseme 4,200 kati ya 15,000, na mwezi mwingine kikafutwa kipande kingine, hiyo ni saa ya kwanza. Kama zote zimeanguka siku moja kama embe kwenye upepo wa kusi, hiyo ni saa ya pili: ulikaa kimya mpaka muda ukapita.

Skywards, mpango wa maili wa Emirates, ni saa ya kwanza. Maili zake huishi miaka mitatu, na siku ya kufa hupangwa mwisho wa mwezi uliozaliwa. Sasa tazama kilichowapata wazee wetu. Pasipoti nyingi za watu wazima wa huku zina tarehe ya kuzaliwa 1 Januari au 1 Julai, kwa sababu walipozaliwa hakuna aliyeandika; mama alikumbuka kwamba ilikuwa wakati wa mvua za vuli, au mwaka wa nzige, basi. Afisa akajaza alichojaza. Ndiyo maana benchi langu hujaa wiki ya mwisho ya Januari na wiki ya mwisho ya Julai. Bi mkubwa mmoja wa Chumbageni aliapa kwamba amezaliwa mwezi wa Ramadhani na hiyo Julai haijui. Nikamwambia, bi mkubwa, ndege inaijua pasipoti, haimjui mkunga. KrisFlyer ya Singapore Airlines nayo ni ya saa hii ya kwanza, miaka mitatu, ila yenyewe haiangalii mwezi wa kuzaliwa.

Privilege Club ya Qatar Airways ni saa ya pili. Maili zake, zinazoitwa Avios, hufa zikikaa miezi 36 bila wewe kuingiza wala kutumia chochote. Ukiingiza hata kidogo, miezi 36 inaanza upya kwa zote. Hapa kuna watu hudhani wameibiwa: wanakumbuka walikuwa na Qmiles, leo hawalioni jina hilo. Hakuna aliyeiba. Machi 2022 shirika lilihamia kwenye Avios, na kila Qmile 1 ikawa Avios 1. Tafuta kwa jina jipya.

Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, unafanana na saa ya pili lakini una mwiba. Maili huishi miezi 24, na kinachoanzisha upya hesabu ni safari ya ndege inayostahili. Kijana mmoja alilala hotelini Ulaya, akapata maili chache, akaridhika kwamba ameiamsha saa. Kupata maili ni jambo moja, kuamsha saa ni jambo lingine. Soma mstari huo kabla hujatulia.

Halafu kuna wasioua maili kabisa. Delta waliacha mwaka 2011, United wakaacha 2019. Ndugu zetu walioko Marekani hutucheka kwa hilo. Ila wao wanalia kwa upande mwingine: maili haifi, lakini tiketi iliyokuwa inapatikana kwa maili kiasi fulani kesho inataka zaidi, na hakuna barua pepe inayokuja kukuonya.

Sababu nyingine ya sifuri imebaki tangu korona. Mwaka 2020 na 2021 mashirika mengi yaliongeza muda wa maili kwa huruma, na wateja wakazoea. Huruma ile ilikwisha. Anayesema "mbona mara ile walituongezea" anasema kweli, lakini ni ya mara ile.

Dalili: "Wameniandikia zimebaki siku kumi"

Huyu ndiye mgonjwa ninayempenda, maana bado anapumua.

Kama saa ni ya pili, usihangaike kutafuta safari. Fanya jambo dogo kuliko yote ambalo mpango unalikubali: nunua kiasi cha chini cha maili, au toa sadaka maili chache kama mpango una mlango huo, au ingiza kutoka kwa mshirika wao. Angalia tu jambo hilo huchukua siku ngapi kuonekana kwenye akaunti. Kununua maili kwa shirika lenyewe mara nyingi huonekana upesi. Maili za hoteli au za gari la kukodi zinaweza kuchukua wiki, na wiki huna.

Kama saa ni ya kwanza, hakuna jambo dogo. Ama uzitumie, ama ulipie nyongeza ya muda pale shirika linapouza nyongeza. Piga hesabu kabla ya kulipia: kulipa ada ili kuokoa maili elfu tatu ambazo hazifiki hata nusu ya tiketi ni kumlipia mgonjwa kitanda bila kumnunulia dawa. Ziache ziende. Nasema hivi na watu hunikasirikia, lakini mimi silipwi kwa maili zao.

Ukiamua kuzitumia, jua kwamba katika mipango mingi tarehe inayohesabiwa ni ya kukata tiketi, si ya kuruka. Maili zinazokufa tarehe 31 unaweza kuzikatia tiketi tarehe 30 kwa safari ya miezi mitano mbele. Na tiketi si lazima iwe yako. Mpango mwingi hukuruhusu kumkatia mtu mwingine, kwa hiyo maili za mfanyabiashara wa Makorora zinaweza kumpeleka mama yake Umra. Baba mmoja hakulijua hili kwa miaka tisa.

Kisha saa ya ukutani. Usiku wa manane wanaouzungumzia ni wa kwao. Mpango ukihesabu kwa saa za Dubai, wako saa moja mbele yetu, kwa hiyo siku yao inafungwa hapa Tanga ikiwa saa tano usiku. Singapore wako saa tano mbele: siku yao inakwisha kwetu saa moja usiku, watu ndio kwanza wanatoka kuswali Magharibi. Doha tuko sawa nao. Na usisahau kwamba "12:00 AM" si saa sita mchana. Nimeona mtu aliyesubiri mpaka adhuhuri ya tarehe ambayo tayari ilikuwa imekufa usiku wake.

Dalili: "Nilisafiri kweli, hazikuingia"

Hili ndilo shamba kubwa la kazi yangu, na sababu zake ni nyingi. Nitazitaja kwa kadiri ninavyozikuta.

Jina. Tiketi huandikwa jina la ukoo kwanza, mkwaju (/), kisha majina mengine. Sisi majina yetu ni letu, la baba na la babu, na kila ofisi huchagua la kuliita la ukoo. Mtu alijiunga na mpango kwa jina la baba kama la ukoo, pasipoti ikaweka la babu. Kompyuta haioni mtu mmoja, inaona wawili. Ongeza Mohamed, Mohammed na Muhammad, ongeza wakala aliyegandisha cheo kwenye jina mpaka akina mama wanasafiri wakiitwa "ASHAMRS", nawe utaelewa kwa nini maili zinaelea hewani. Wengi walipata mvurugano huu walipobadilisha pasipoti baada ya pasipoti ya kielektroniki kuzinduliwa Januari 2018: pasipoti mpya ikaja na mpangilio mpya wa majina, akaunti ya maili ikabaki na ule wa zamani. Dawa ni kurekebisha jina kwenye akaunti kwanza, kwa kutuma picha ya pasipoti, ndipo udai maili. Ukidai kabla, dai litakataliwa kwa sababu ile ile, na mara nyingine kudai mara ya pili ni kazi kuliko mara ya kwanza.

Tiketi ya kundi. Safari za Umra hukatwa kwa makundi, kwa bei ya kundi, na bei hizo katika mipango mingi hazina maili au zina maili kiduchu. Ndege za kukodiwa za Hija ndiyo kabisa, hazina. Hapa hakuna dawa. Nawaomba viongozi wa misafara wawaambie mahujaji mapema, kuliko kumwachia mzee aje kuniuliza mimi kwa nini safari ya maisha yake haikuhesabiwa. Nimemjibu mmoja kwamba hiyo imehesabiwa kwingine. Alicheka, lakini alikuwa amekuja kwa nauli ya bodaboda.

Daraja la nauli. Kwenye tiketi kuna herufi moja inayotaja aina ya nauli. Watu wawili wanakaa viti vinavyogusana, mmoja anapata maili zote, mwingine robo, au hapati. Ukikuta tiketi rahisi kupita kiasi, kabla ya kushangilia tazama herufi hiyo kwenye jedwali la mpango wako.

Ndege ya mshirika. Tiketi yako inaanza na namba za shirika moja, uliyempanda ni mwingine, na kadi yako ni ya wa tatu. Wakiwa kwenye muungano mmoja, yaani kundi la mashirika yanayotambuana maili, kwa kawaida inawezekana: Ethiopian imo Star Alliance tangu 2011, pamoja na Turkish, Kenya Airways imo SkyTeam tangu 2010, pamoja na KLM, Qatar imo oneworld tangu 2013, na Oman Air imejiunga huko 2025. Emirates haimo kwenye muungano wowote kati ya hiyo mitatu, ila flydubai inatumia Skywards tangu 2018, jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa Dubai hawalijui mpaka leo. Maili za mshirika huchelewa. Za shirika lenyewe mpe siku chache, za mshirika mpe wiki kadhaa, ndipo uanze kelele.

Akaunti ya zamani. Hii ni ya waliokuwa wakipitia Nairobi. Mpaka 2019 Kenya Airways walitumia Flying Blue. Mwaka huo wakaanzisha mpango wao, Asante. Mtu aliyejiunga 2015 na kuruka nao tena 2022 ana kadi ya Flying Blue mfukoni na anadhani yuko palepale. Angalia safari ile ilidaiwa wapi. Pengine una akaunti mbili bila kujua.

Na kindege kile cha kutoka uwanja wetu wa Tanga, ukikikatia tiketi yake peke yake, usikitafute kwenye maili za shirika kubwa. Kilikuvusha foleni ya Chalinze, kinatosha.

Ukishajua sababu, dai. Mipango mingi hutoa dirisha la miezi sita mpaka kumi na miwili tangu siku ya safari. Utaombwa namba ya tiketi na karatasi ya kupandia ndege. Karatasi hiyo huchapwa kwa joto, si kwa wino, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au ndani ya pochi kwa joto la hapa pwani, baada ya miezi michache inakuwa nyeupe kama sanda. Ipige picha kabla hujatoka uwanja wa ndege. Kipande chake chenye namba ya kiti usikitupe mpaka maili zionekane.

Dalili: "Zimeingia, lakini chache"

Zamani maili zilikuwa maili kweli, yaani umbali. American Airlines walipoanzisha AAdvantage, mpango wao wa maili, Mei 1981, ulipimwa kwa ulikokwenda. Leo mipango mingi inapima pesa. Flying Blue walihamia huko 2018: mwanachama wa ngazi ya chini hupata maili 4 kwa kila euro 1 ya nauli, na kodi za serikali hazihesabiwi. Kwa hiyo anayesaka nauli rahisi, na sisi sote tunasaka, atapata chache. Hakuna la kudai.

Tazama pia kama hujachanganya mifuko miwili. Kuna maili za kununulia tiketi, na kuna za kupandia daraja, za fedha, za dhahabu na kadhalika. Za daraja huhesabiwa kwa mwaka na kuanza upya. Anayeona namba imerudi sifuri wakati salio lingine lipo palepale hajapoteza kitu cha kutumia.

Dalili: "Akaunti hainifungulii"

Namba ya siri ya mara moja inatumwa kwa meseji kwenye laini ambayo huna tena. Laini nyingi zilifungwa Januari 2020 wakati wa usajili kwa alama za vidole, na namba hizo baadaye zinaweza kupewa watu wengine. Au barua pepe ilifunguliwa na kijana wa intaneti kafe aliyehamia Arusha, na yeye ndiye mwenye neno la siri.

Usifungue akaunti mpya. Hili nalisema kwa sauti, maana ndilo kila mtu hulikimbilia. Akaunti mbili za mtu mmoja kwa kawaida ni kinyume cha masharti, na kuziunganisha ni kazi ya wiki. Piga simu au andika kwa shirika, toa namba ya uanachama, tarehe ya kuzaliwa na picha ya pasipoti, uombe kubadilishiwa simu na barua pepe. Kama zimebaki siku chache maili zife, sema hivyo kwenye sentensi ya kwanza ya barua, si ya mwisho.

Dalili: "Maili ninazo, mbona naambiwa nilipe?"

Maili hulipa nauli. Kodi za viwanja na tozo unalipa mwenyewe, kwa kadi ya benki. Mashirika mengine huongeza tozo zao mpaka tiketi ya bure inakaribia bei ya tiketi ya kununua. Linganisha zote mbili kwa siku ile ile kabla hujabonyeza. Na kama unaambiwa hakuna nafasi wakati ndege ina viti, ni kwa sababu viti vya maili ni vichache na hutolewa kwa mafungu. Jaribu siku ya katikati ya juma, jaribu kuanzia Zanzibar au Nairobi badala ya Dar, na uache Desemba kwa wenye Desemba yao.

Dalili: "Niliahirisha safari, maili zikarudi, kisha zikatoweka"

Hii ilinipata mimi mwenyewe, mwenye kuwafundisha wengine. Nilikata tiketi kwa maili zilizobakiza wiki mbili. Tarehe ikapita, nikatulia, tiketi ninayo. Mwezi uliofuata tukapata msiba Pangani, nikafuta safari, nikijua maili zitarudi. Zilirudi kweli, asubuhi, na ujumbe ukaja. Nilipofungua akaunti baada ya swala ya adhuhuri, hazipo. Zilirudi na tarehe yake ya zamani, na tarehe hiyo ilikuwa imepita, kwa hiyo mashine ilizipokea kwa mkono mmoja na kuzizika kwa mwingine. Niliandika barua tatu. Walinijibu kwa adabu mara zote tatu.

Dawa: kama maili ulizotumia zilikwisha kupita tarehe yake, usifute tiketi, ibadilishe. Sogeza siku ya safari mbele kadiri wanavyokuruhusu, lipa ada ya mabadiliko, na safari ibaki hai. Kufuta ni mlango wa mwisho. Na kabla ya kufuta, uliza kwa maandishi maili zitarudi na tarehe ipi.

Dalili: "Mtu kanipigia, anasema atanifufulia"

Huyu ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anajua jina lako, anajua shirika, anataka umtajie namba ya siri iliyoingia kwenye simu sasa hivi. Ukimtajia, maili zinakata tiketi ya mtu usiyemjua. Kata simu, badilisha neno la siri, ndipo uwapigie shirika wewe.

Upande wa pili, wapo wanaonijia kutaka kuuza maili zao kwa watu wa mjini. Masharti ya mipango yanakataza, na adhabu yake ni akaunti kufungwa pamoja na tiketi iliyokatwa kufutwa, pengine abiria akiwa amekwisha kufika uwanjani na mabegi yake. Mimi hilo silifanyi, hata kwa jamaa.

Dalili: "Mwenye kadi amefariki"

Watoto walikuja wawili, wamebeba simu ya marehemu baba yao, wakataka maili ziingizwe kwenye mirathi pamoja na shamba la Muheza. Ilibidi niwaambie pole pole. Katika masharti ya mipango mingi maili si mali ya mwanachama. Ni za shirika, yeye kapewa kuzitumia. Mipango mingine huzifuta mwenyewe akifa. Mingine hukubali kuzihamishia warithi wakileta cheti cha kifo na uthibitisho wa mirathi, kwa muda maalumu.

Msiingie kwa neno lake la siri na kuzitumia, hata kama mnalijua. Mkigundulika tiketi inafutwa, na aliyekatiwa ndiye anayebaki njiani. Chukueni cheti cha kifo RITA, kipigeni picha pamoja na barua ya msimamizi wa mirathi, mtume kwa shirika mkiambatanisha namba ya uanachama na kuuliza kama wanahamisha. Kama ulikuwepo mfuko wa maili wa familia, ambamo jamaa hukusanya maili pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake, liulizeni hilo kwanza, maana maili zilizomo humo zinaweza kuwa pia za wanawe walio hai.

Wale wawili walituma. Jibu lilipokuja lilitaka cheti kiwe na tafsiri ya Kiingereza, na tarehe ya kufa kwa maili ilikuwa imebakiza siku nane. Mdogo wao alipanda basi la alfajiri kwenda Dar.